Jikoni kwa Griselda

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, pikapu ya mzee Fermín iliingia kwenye eneo la ujenzi ikiyumba kama imelewa, na kila Jumamosi Nereida Arriaga aliacha alichokuwa akifanya ili atazame. Si gari alilolitazama. Gari lenyewe lilikuwa kijani kilichopauka, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Alimtazama mzee anavyoshuka, anavyozunguka nyuma, anavyotoa ngazi yake mwenyewe na nyundo yake mwenyewe na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa taulo, halafu anaita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, "Grise! Binti yangu! Leo tunapiga kwa nani?"

"Leo kwa kina Quiroz, baba," Griselda alijibu kutoka juu ya paa. "Shuka polepole."

"Nimeshashuka!"

"Na breki ya mkono?"

Mzee akarudi garini mbio. Watu wakacheka juu ya mapaa yote. Nereida hakucheka. Alirudi kwenye ndoo yake ya misumari akijiambia kwamba ana haraka.

Familia zilikuwa kumi na nyumba zilikuwa kumi, mwisho wa barabara inayopita kwenye mashamba ya machungwa ya Palo Seco. Mkopo ulikuwa wa serikali, kwa ajili ya watu wa kaunti za mashambani kama yetu, watu ambao benki huzitazama hati zao za mshahara na kuwapa peremende wapeleke kwa watoto. Hukutakiwa kutanguliza hata senti. Ulichotanguliza ni jasho: kila familia saa arobaini kwa wiki, jioni baada ya kibarua na mwisho wa juma wote, tena si kwenye nyumba yako tu bali kwenye nyumba zote. Leo unaezeka kwa huyu, kesho unapaka rangi kwa yule. Na hakuna aliyeruhusiwa kuhamia kwake mpaka nyumba ya mwisho ipite kwa mkaguzi.

"Siku moja, funguo zote," Darrell alipenda kusema. Darrell ndiye msimamizi, mtu mnene, mzaliwa wa bonde hili la mashamba, aliyejifunza lugha yetu sisi wahamiaji kwenye mapipa ya wachuma zabibu na kuizungumza hivyohivyo. "Mkicheleweshana, mnajichelewesha."

Viwanja viligawiwa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia yake ngumu. Griselda Barragán alitoa kiwanja cha kona, kipana, chenye kivuli cha miti ya jirani. Nereida alitoa cha mwisho kabisa, kando ya mfereji. Siku ile alimpongeza Griselda akamkumbatia, na usiku akashindwa kula. Kwa muda mrefu alidhani ni kiwanja kinachomuuma. Baadaye akadhani ni vigae vya jikoni, maana Griselda aliongeza pesa zake akachagua vya buluu. Ilimchukua miezi kutambua kwamba hata angepewa kile kiwanja pamoja na vile vigae, bado angesimama Jumamosi asubuhi kuitazama ile pikapu.

Nereida hakuwa na mtu wa kumuuliza kama amevuta breki ya mkono.

*

Nyumbani kwao kulikuwa banda la gari la wifi yake, Ofelia, dada wa mumewe Eliseo. Pazia liligawa chumba: upande huu kitanda cha wakubwa, upande ule watoto wawili, Abril wa miaka minane na Joaquín wa mitatu, wamelala miguu kwa miguu. Choo kilikuwa ndani kwa Ofelia, na njia ya kukiendea ilipita sebuleni mwa Ofelia, mbele ya macho ya Ofelia.

"Nani kaoga sasa hivi?" wifi aliuliza jioni moja, bila kuondoa macho kwenye runinga.

"Mimi, wifi. Nimetoka kwenye rangi."

"Aa. Nimesikia maji yanakwenda, yanakwenda. Nikadhani bomba limepasuka."

"Samahani."

"Si neno. Mnahama lini vile?"

Alijua. Walimwambia kila juma. "Jumamosi ya mwisho ya Agosti, Mungu akipenda."

"Mungu atapenda, maana mimi lile banda nimeshapokea malipo yake. Vijana wa kuchuma zabibu, wanne, wanafika Jumapili yake. Wanne, wifi! Wote wanalipa, na wanaogea hukohuko shambani." Akacheka peke yake. "Na wewe usiniangalie hivyo. Nakutania."

Nereida alirudi bandani nywele zikimdondoka maji. Eliseo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatoa miiba ya mchungwa kwenye vidole kwa pini. Kutwa nzima alikuwa akifungulia na kufunga maji shambani kwa watu, na jioni yote akichanganya saruji. Alinyanyua uso.

"Kasema nini?"

"Kaniuliza tunahama lini."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Abril alichungulia kutoka nyuma ya pazia. "Mama, chumba changu kitakuwa na mlango? Mlango wa kweli, wa kugonga?"

"Utakuwa nao."

"Nikiufunga, Joaquín atagonga?"

"Atagonga mpaka umchoke," alisema Eliseo, na mtoto akarudi nyuma ya pazia akicheka. Alianza kumfundisha mdogo wake kugonga ubavu wa kitanda. Ko, ko, ko. Nani? Mimi. Mimi nani? Walilala wakiwa katikati ya mchezo huo.

*

Wiki ya kupachika kabati za jikoni, Darrell aliwapanga wawiliwawili. Kwa Griselda aliwapeleka Nereida na mzee Fermín.

"Mzee anashika, wewe unapiga," alisema. "Nimechora penseli palipo na mbao ndani ya ukuta. Pigeni kwenye alama tu. Pembeni kuna bomba la maji, la plastiki. Skrubu ikitoka nje ya alama, msinifiche, mniite."

Walifanya kazi vizuri. Mzee alikuwa na mikono mipana kama koleo, na macho yalikuwa na ukungu, hivyo kila alama aliigusa kwanza kwa kidole gumba ndipo aseme, "Hapa, mwanangu." Alimwita Nereida mwanangu kama alivyomwita kila mtu, hata Darrell. Alimuuliza watu wake ni wa wapi. Nereida alimwambia. Alimuuliza kama baba yake bado yu hai.

"Sijui," alisema Nereida. "Alikuja huku kuchuma nyanya nikiwa na miaka sita. Kisha akaacha kuandika."

Mzee aliiweka kabati vizuri begani. Kisha akasema, "Nyanya zinamaliza watu," na hakuongeza kitu, na Nereida alimshukuru kimoyomoyo kwa kutoongeza.

Hapo akaingia Griselda na gilasi ya maji ya ukwaju, moja. Alimfuta baba yake shingoni kwa leso yake. "Umelowa, baba. Njoo nje ukae. Njoo, njoo." Kisha akamgeukia Nereida, kwa wema mtupu. "Shoga, usimkimbize baba yangu, eh? Wewe bado kijana, unaweza kumalizia hiyo mwenyewe. Akianguka mimi nitafanyaje? Sina mwingine."

"Mchukue," alisema Nereida.

Wakatoka. Dirishani aliwaona: mzee juu ya ndoo, binti amechuchumaa mbele yake, anamfungua kamba za viatu ili miguu ipate hewa. Sina mwingine, anasema! Nereida aligeuka, akaliacha dirisha. Aliibana kabati kwa goti na kwa bega, akachomeka skrubu ndefu kwenye drili na kuipiga bila kutafuta alama, kwa nguvu zote, kama anayepigilia mdomo wa mtu.

Skrubu iliingia. Ikashika kidogo, halafu ikapita ndani ya kitu laini.

Mikono yake ilijua kabla yeye hajajua. Mbao hukaza, hii haikukaza. Alisimama na drili hewani. Maji yalikuwa bado hayajafunguliwa mtaa mzima, kwa hiyo hakuna kilicholia, hakuna kilichovuja. Darrell alikuwa nyumba ya pili, sauti yake ikisikika. Ilitosha kumwita kwa jina.

Nje, Griselda alikuwa anacheka jambo aliloambiwa na baba yake.

Itavuja, Nereida aliwaza. Itavuja siku moja akiwa ameshakaa, vigae vyake vya buluu vitalowa, naye atamwita baba yake. Si anaye?

Akapiga skrubu nyingine pembeni, hii kwenye alama kabisa. Mzee aliporudi wakaendelea, na skrubu zilizobaki mzee akaomba apige yeye. "Nawe upumzike, mwanangu," alisema.

*

Maji yalifunguliwa Ijumaa. Kila kitu kilikuwa kimekwisha: rangi, milango, hata nyasi za mbele. Darrell aliwapa mwisho wa juma wote wakapumzike, mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, maana Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja na Jumamosi ni funguo. Nereida na Eliseo walifunga vitu vyao kwenye makasha ya machungwa. Ofelia aliwapa sufuria mbili asizozihitaji na kuwaambia mara tatu kwamba ni sufuria nzuri.

Jumatatu, Darrell alipofungua mlango wa nyumba ya kona, maji yalitoka kumlaki kizingitini.

Watu walifika mmojammoja baada ya kazi na kukuta kabati za Griselda zimetolewa, zimewekwa uani, zimevimba kama mikate. Sakafu ilikuwa imeinuka. Ukuta wa jikoni ulikuwa umekatwa, na ndani ya ukuta, penye bomba jeupe, skrubu moja ndefu ilikuwa imekaa katikati, imelitoboa upande mpaka upande.

"Mkaguzi kakataa," Darrell alisema. "Sakafu ikauke, ibadilishwe, ukuta ufungwe, kabati mpya zije. Wiki tatu. Labda nne."

"Kwa nyumba hii," alisema bwana Quiroz.

"Kwa nyumba zote. Mnajua mlichotia saini."

Kelele ikaanza. Mmoja alikuwa ameshamwarifu mwenye nyumba wake. Mwingine alikuwa ameshahamisha watoto shule. Mama Quiroz, mwenye mimba kubwa, aliketi juu ya ndoo na kusema hajali mtu, yeye atazalia uani. Griselda alikuwa amesimama jikoni mwake viatu vimelowa, anakitazama kigae kimoja kilichobanduka.

Ramiro, mumewe, ndiye aliyesema. Ramiro aliendesha malori ya masafa marefu, alionekana mara moja kwa wiki, na mara hiyo moja alipenda aonekane. "Nani alipiga hapa? Si mzee? Nilisema mimi! Griselda, nilikwambia au sikukwambia? Mtu haoni hata tundu la ufunguo, mnampa drili!"

"Ramiro," alisema Griselda.

"Nini Ramiro? Watu hawa wote hawana pa kulala kwa sababu ya huyo baba yako!"

Mzee Fermín alikuwa mlangoni. Wote walimwona isipokuwa Ramiro, na Ramiro alipogeuka alikuwa ameshasema. Mzee alivua kofia. Alikuja mpaka ukutani, akainama, akaigusa skrubu kwa kidole gumba kama alivyogusa kila kitu.

"Nilipiga nne," alisema taratibu. "Nilidhani zote zimekaa. Basi huenda hii ni yangu." Akageuka kuwatazama, uso mmoja baada ya mwingine, na ukungu wa macho yake ukapita juu ya Nereida bila kusimama. "Mnisamehe, wanangu. Mikono imezeeka kabla sijaambiwa."

Nereida alifungua mdomo. Akasikia sauti ya Eliseo karibu yake, chini kwa chini, "Kipofu yule katuponza." Akaufunga.

*

Vijana wa zabibu walifika Jumapili kama walivyoahidi, wenye heshima, wenye mabegi. Familia ya Arriaga ilihamia sebuleni kwa Ofelia, kwenye zulia, kwa bei ambayo wifi aliitaja bila haya na Eliseo aliilipa bila neno. Runinga ilipozimwa ndipo walipolala. Ofelia alipokuja kunywa maji aliwaruka.

"Mzee kama yule angekaa nyumbani," Eliseo alisema wakati wa kula. "Acheze na wajukuu. Kazi za watu si mchezo wa vipofu."

"Mzee yupi, baba?" aliuliza Abril.

"Yule wa pikapu ya kijani. Yeye ndiye aliyeharibu mlango wako."

Mtoto alilifikiria. Alimpenda mzee Fermín. Alikuwa akimpa mbegu za maboga kutoka mfukoni. "Sitazitaka tena mbegu zake," alisema mwishowe, kwa sauti nzito ya mtu mzima, na Nereida akasimama ghafla kwenda kuosha sahani iliyokuwa bado na chakula.

Jumamosi iliyofuata pikapu haikuja.

Nereida alikuwa juu ya ngazi nyumba ya kona, anabandua ukuta uliooza, na alijua saa ilipofika kwa sababu mwili wake wenyewe ulisimama. Barabara ilikuwa tupu, vumbi la mavuno ya lozi likining'inia juu yake. Miezi yote hii alikuwa amelitaka hili. Sasa alikuwa nalo. Alisubiri moyo utulie, haukutulia. Wivu wake ulibaki umekaa palepale kama mgeni aliyekwisha kula na haondoki.

"Mzee haji?" alimuuliza mama Quiroz.

"Hujasikia? Kampa Ramiro funguo za gari. Kasema kama hawezi kuona skrubu, hawezi kuona mtoto barabarani. Hatoki. Griselda anasema hata kula hali, anakaa na kuiangalia mikono." Mama Quiroz alishika kiuno, akapumua. "Mimi nimeudhika naye, sikudanganyi. Lakini masikini."

Griselda alikuwa chumba cha pili, anafagia. Alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

*

Chakula cha mchana walikula pamoja kama siku zote, chini ya turubai. Hakuna aliyeleta maharage. Ramiro alikuwepo, anagawa chupa za soda kwa watoto kama mwenyeji wa sherehe.

"Ile skrubu niliipiga mimi," alisema Nereida.

Aliisema kwa sauti ndogo, na ilibidi airudie. Safari ya pili alisimama, na alipokuwa amesimama hakujua mikono aiweke wapi.

"Mzee hakuwepo. Alikuwa nje, amekaa. Nilipiga peke yangu, nje ya alama. Nilisikia imeingia kwenye laini. Nilijua ni bomba."

"Ulijua?" alisema Darrell.

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa hapo kwa kina Quiroz. Hatua chache tu, mama."

"Nilikuwa nakusikia."

Hakuna aliyetafuna. Eliseo alikuwa amemkodolea mkewe macho kama mtu anayesomewa barua ya mwingine. Griselda aliweka sahani yake chini, polepole.

"Kwa nini?" alisema.

"Sijui."

"Unajua. Nakuona unajua. Ni vigae? Ni kiwanja? Sema, shoga, si umeshaanza."

"Nilikuonea kijicho."

"Kijicho cha nini! Mume wako unalala naye kila siku, wangu namwona kwa simu. Watoto unao. Nyumba unayo sawa na yangu, mita kwa mita, nimepiga misumari mle ndani mwenyewe. Nina nini mimi?"

"Una baba," alisema Nereida.

Griselda alimtazama. Kitu kilipita usoni mwake kisha kikaondoka. "Basi umeniharibia huyohuyo," alisema. Alisimama na kumnyooshea mumewe mkono. "Funguo."

"Funguo zipi?"

"Za baba. Zitoe mfukoni, Ramiro, kabla sijazitoa mimi mbele za watu. Na nawe unakuja. Utamwambia kwa mdomo huohuo uliomwambia yale mengine."

Waliondoka, vumbi likawafunika. Mama Quiroz alisema kwamba kama si tumbo lake angemzaba Nereida kofi, na hakuna aliyemkatalia. Darrell alikuna shingo. Alisema ukarabati wote ni wa familia ya Arriaga sasa, saa zao wenyewe, juu ya saa za kawaida, na gharama ya kabati mpya watakatwa kidogokidogo. Nereida aliitikia kila neno.

Eliseo alichukua mtaimbo, akaingia nyumba ya kona, na mchana kutwa wakasikia anavyobandua sakafu. Jioni, ndani ya gari, aliwasha injini bila kuondoka.

"Nimemtukana yule mzee mbele ya watoto," alisema. "Siku zote hizi. Na wewe umekaa unanisikiliza."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo sijui nitaliwekaje moyoni. Bomba ni bomba, linazibika."

Kule nyuma Joaquín aligonga kiti cha baba yake. Ko, ko, ko. Wakati mwingine wowote Eliseo angeuliza nani. Aliendesha mpaka kwa Ofelia bila kuuliza.

*

Walifanya kazi kila jioni mpaka giza, mume na mke, wakisemezana maneno ya kazi tu. Shika. Leta. Hapo. Juma la pili Eliseo alisema, "Kunywa maji," na Nereida akanywa, na ilikuwa kama mtu amemfungulia dirisha. Kabati mpya alizipiga Nereida. Kila alama aliigusa kwanza kwa kidole gumba.

Mkaguzi alipita Septemba, zabibu zikiwa zimeanikwa kwenye karatasi mashambani zikauke, Bonde zima likinuka sukari. Funguo zilitolewa Jumamosi. Mtu wa ofisi ya mkopo alikuja amevaa tai na kuwaita kwa majina. Watu walipiga makofi kwa kila familia, na kwa Arriaga walipiga pia, kidogo, kama makofi ya kanisani. Nereida hakulalamika. Alishika ufunguo mkononi, ukamchoma kwa jua.

Ndani, Abril alifunga mlango wa chumba chake na Joaquín akaanza kugonga. Eliseo alitembea akiwasha taa zote mchana kweupe. Nereida alisimama jikoni peke yake. Alifungua kabati moja, akaingiza kichwa, akazikagua skrubu. Akafungua ya pili. Kuta hizi zilipigwa na mikono ya familia tisa nyingine, na sasa wote walijua alivyo.

"Zimekaa vizuri?"

Griselda alikuwa mlangoni. Hajaingia. Tangu siku ile ya turubai walikuwa hawajazungumza.

"Zimekaa vizuri."

"Nilizipiga mimi. Nilitaka ujue." Griselda aliegemea kizingiti. "Niliposikia, nilitamani ningezipiga vibaya. Nakuambia kweli. Nililala nikiwaza namna. Lakini zilikuwa zimeshapigwa zamani."

"Nisamehe, Griselda."

"Bado," alisema Griselda. "Naweza nikaja kukusamehe, sijui. Labda Krismasi. Usiniulize kila siku." Akatazama nje, akasonya. "Sikuja kwa hilo. Baba ameegesha pikapu mbele ya kwako, kaziba kote. Nimemwambia aondoe, ananiambia nyamaza. Mwambie mwenyewe, mimi hanisikii."

Nereida alitoka. Pikapu ya kijani ilikuwa imekaa mshazari, gurudumu moja juu ya nyasi mpya, pua imeelekea mfereji. Mzee Fermín alikuwa nyuma yake, anahangaika na sufuria iliyofungwa kwa taulo. Abril alikuwa amechomoka kupitia mlango wa nyuma, tayari yuko pembeni yake, kiganja wazi, anasubiri mbegu.

Angeweza kuliacha gari pale. Alitaka kuliacha. Akamwona Griselda amesimama kizingitini anamtazama, mikono kiunoni, anasubiri aone.

"Mzee Fermín!" aliita, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka kina Quiroz wakageuka. "Umeziba njia yangu!"

"Njia ya nani?" mzee alifoka, bila kunyanyua kichwa.

"Yangu!"

"Basi njoo uishike hii sufuria, mwanangu, inaniunguza. Huoni?"

Akaenda mbio.